Mshale wa geji ukishuka: kusoma dalili za moto wa oksijeni kabla ndege ya wagonjwa haijapaa

Mwezi wa saba, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, kiwanja cha Nduli, Iringa. Baridi inauma mpaka kwenye kucha. Mgonjwa yuko kwenye machela, ndege ya kwenda Dar es Salaam imeshafunguliwa mlango, na kila mtu ana haraka. Haraka hiyo ndiyo inayonifanya niandike. Mimi ni fundi wa vifaa tiba huku Nyanda za Juu Kusini, na simu ninazopigiwa huwa fupi: "Fundi, mtungi unatoa sauti." "Fundi, geji haieleweki." "Fundi, oksijeni inaisha upesi." Anayepiga huwa anaogopa mgonjwa atakosa hewa, na ni haki yake kuogopa. Ninachotaka akisikie pia ni kwamba dalili hiyohiyo ndogo inaweza kuwa mwanzo wa moto, na kwamba karibu kila mara inaonekana chini, saa kadhaa kabla ndege haijaruka.

Oksijeni yenyewe haiungui. Vinavyoungua ni blanketi, nywele, mpira, mafuta, plastiki, hata chuma. Oksijeni inaurahisishia moto kazi. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21. Wasimamizi wa usalama kazini Marekani huihesabu hewa kuwa imezidi oksijeni inapofika asilimia 23.5, yaani nyongeza ndogo tu. Blanketi la sufi ambalo cheche ingelitoboa tundu dogo, likishiba oksijeni linawaka juu juu kwenye manyoya yake na moto unakimbia mwili mzima kabla mtu hajasema "jamani". Tarehe 27 Januari 1967 wanaanga watatu wa Marekani walikufa ndani ya chombo cha Apollo 1 kikiwa chini, kwenye majaribio, kabini ikiwa imejazwa oksijeni tupu na mlango wake haukuweza kufunguliwa kwa wakati. Hawakuwa angani. Hilo ulikumbuke kila ukisikia mtu anasema hatari inaanza ndege ikishapaa.

Nitaanza na dalili ninazoitiwa mara nyingi zaidi.

"Jana mtungi ulikuwa umejaa, leo geji imeshuka"

Huku kwetu swali la kwanza ni baridi. Mtungi uliosomwa saa nane mchana jua likiwaka, halafu ukalala stoo ya Makete au Njombe usiku wa Juni, lazima mshale wa geji, yaani kipimo cha presha ya mtungi, ushuke hata kama mtungi haujavuja hata kidogo. Gesi ikipoa, presha yake inapungua. Hesabu ya kichwani: kila nyuzi tatu za joto zinazopungua, presha inapungua asilimia moja hivi. Ulisoma bar 150 (bar ni kipimo cha presha) kwenye nyuzi 27. Asubuhi stoo ina nyuzi 5. Tegemea bar 139 hivi. Ukikuta 138 au 140, mtungi ni mzima. Ukikuta 110, zile bar 29 za ziada zimekwenda mahali, na kazi yako ni kujua zimekwenda wapi.

Zimekwenda wapi lina uzito kuliko tunavyodhani. Mtungi wa ujazo wa lita 5 ukipoteza bar 29 umemwaga lita 145 hivi za oksijeni. Zikimwagika kwenye ukumbi wenye madirisha, zimepotea tu. Zikimwagika ndani ya kabati la ndege, mlango umefungwa, kabati hilo lina mablanketi, nyaya za chaja na mfuko wa barakoa, basi umelala usiku kucha unaviandaa vitu hivyo kuwaka. Oksijeni ni nzito kidogo kuliko hewa, haikimbilii juu. Inatuama chini na kujificha kwenye nguo.

Kupata chanzo, fanya hivi. Funga flomita, ile inayopima lita za oksijeni zinazotoka kila dakika, hadi sifuri. Fungua koki ya mtungi taratibu, soma geji, andika. Funga koki ya mtungi. Usiguse kitu kwa dakika kumi. Mshale ukibaki pale pale, sehemu kati ya koki na flomita ni nzima. Ukishuka, kuna uvujaji baada ya koki: mara nyingi ni washa (kipete cha kuzibia) kwenye shingo, au kiungo cha hozi. Na kama sehemu hiyo ni nzima lakini kila asubuhi mtungi uliofungwa unakutwa umepungua kuliko hesabu ya baridi, basi inayovuja ni koki yenyewe. Huo ni mtungi wa kurudishwa kwa anayejaza, na ukae nje ya ndege mpaka hapo. Usijaribu kuikaza koki kwa spana kubwa. Koki inayohitaji nguvu ya mabega ili ifunge imeshakufa.

"Inalia sssss pale shingoni"

Hapa ndipo nakuta ubunifu unaonitoa jasho. Kati ya mtungi na regyuleta, kifaa kinachopunguza presha ya mtungi, kuna washa moja ndogo, ya shaba yenye mpira ndani au ya aina nyingine aliyoitaja mtengenezaji. Moja tu. Ikichakaa, watu huongeza ya pili juu yake, na ndipo gesi inapata njia ya pembeni. Wengine hukata kipande cha tyubu ya baiskeli. Wengine huzungusha ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Kila kimoja kati ya hivyo ni kuni zilizopangwa mahali penye presha kubwa kuliko pote. Washa ya asili haigharimu sana; weka mbili za akiba kwenye mfuko safi wa plastiki ndani ya kisanduku cha regyuleta, na ziwepo hata kama hujawahi kuzihitaji.

Angalia pia vile vijino viwili vya kwenye mkono wa regyuleta. Kwa oksijeni vimekaa nafasi ya 2 na ya 5, na vipo ili mtu asifunge regyuleta ya gesi nyingine. Nimeshakuta kijino kimekatwa kwa makusudi ili regyuleta isiyo yake iingie. Kifaa cha namna hiyo hakitengenezwi. Ondoa kazini, andika karatasi kubwa, funga kabatini. Na regyuleta ya mafundi wa kuchomelea vyuma isiingie ndegeni hata kama "ni oksijeni hiyohiyo". Imeshalala kwenye benchi lenye grisi, na grisi haionekani ikishaingia ndani.

Sasa kuhusu povu. Sote tumezoea mtungi wa gesi ya kupikia: unapaka povu la sabuni, unatafuta vipovu. Kwa oksijeni tabia hiyo ibaki jikoni. Sabuni ya kipande imetengenezwa kwa mafuta, na ikikauka inaacha utando wake kwenye nyuzi za kufungia, pale pale ambapo hutaki mafuta kabisa. Kipo kimiminika cha kupimia uvujaji kilichoandikwa kuwa kinafaa kwa oksijeni. Kama hamna, tumia kile kipimo cha dakika kumi nilichoeleza, kinatosha.

"Nilipofungua tu, regyuleta ikawa ya moto"

Dalili hii ukiisikia, simama. Usifunge ukafungua tena "kuona kama itarudia".

Gesi ikiachiwa kwa ghafla kutoka bar 150 na kujibamiza kwenye nafasi ndogo ndani ya regyuleta, inajikandamiza yenyewe na kupata joto. Umewahi kushika pampu ya baiskeli baada ya kupuliza tairi kwa kasi ukaona ncha yake ina joto. Ni jambo lilelile, ila hapa presha ni mara nyingi zaidi. Kwa hesabu, gesi ikipanda kutoka presha ya kawaida hadi bar 150 bila kupata nafasi ya kupoa, joto lake linaweza kupita nyuzi 900. Ni kwa kufumba na kufumbua tu, na mara nyingi chuma kinalimeza joto hilo bila madhara. Lakini ikikuta chembe ya vumbi, uzi wa tepu, tone la mafuta au kiti cha plastiki kilichochakaa (kipande cha ndani kinachozibia gesi), kimojawapo kinawaka kwanza, kisha kinawasha kinachofuata, na mwisho chuma chenyewe. Regyuleta za aluminiamu ndizo zilizoonyesha hatari hii waziwazi: mwaka 1999 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, pamoja na taasisi ya afya kazini ya huko, NIOSH, zilitoa tahadhari baada ya regyuleta za aina hiyo kuwaka na kulipuka mikononi mwa waokoaji. Walishauri shaba nyeupe, ambayo haishiki moto kwa urahisi namna hiyo. Kama unanunua, hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji, kabla ya bei.

Niliwahi kuitwa hospitali moja ambayo sitaitaja. Muuguzi alikuwa akimwandaa mgonjwa wa kusafirishwa, akaizungusha spana kwa mkupuo mmoja. Anasema alisikia "pa!" kama kibiriti kikubwa, kisha harufu ya plastiki iliyoungua, na regyuleta ikamchoma kiganja. Moto ulijizima wenyewe. Nilipoifungua mezani, kile kiti cha plastiki ambacho huwa cheupe kilikuwa cheusi upande mmoja, kimekunjamana kama ganda la karanga lililokaangwa likaungua, na pembeni yake kulikuwa na uzi wa tepu nyeupe usiozidi ukucha. Uzi huo tu. Nilimwonyesha dada yule, akakaa chini. Alikuwa ameshafungua mitungi mamia kwa namna ileile na haikuwahi kutokea kitu, na ndivyo tabia mbaya inavyozeeka mikononi mwetu.

Kwa hiyo kufungua mtungi kuna mpangilio wake, nao hauchukui dakika moja. Nawa mikono, ukaushe. Kama umepaka kitakasa mikono, subiri kikauke kabisa maana ni spiriti. Toa kizibo cha plastiki kwenye koki wakati unapofunga regyuleta, si nusu saa kabla. Kabla ya kufunga, geuza tundu la mtungi pasipo na mtu, fungua koki kidogo sana kwa sekunde moja, funga: hapo umepuliza vumbi nje. Vumbi la barabara zetu kuanzia Juni hadi Oktoba linaingia hata kwenye saa ya mkononi, na gari la wagonjwa lililotoka Chunya au Ludewa linafika kiwanjani likiwa jekundu. Kisha funga regyuleta kwa mkono, flomita ikiwa sifuri. Simama pembeni, uso usiwe mbele ya geji. Fungua koki polepole kuelekea kushoto, robo mzunguko kwanza, acha mshale upande na kutulia, ndipo uendelee. Mfungie regyuleta nje ya ndege au mlango ukiwa wazi, kamwe si juu ya mapaja ya mgonjwa.

Regyuleta ikipoa na kutoa jasho la baridi wakati mtiririko ni mkubwa, hiyo ni kawaida ya gesi inayopanuka. Iache. Asije mtu kuimwagia maji ya moto.

"Oksijeni inaisha haraka kuliko hesabu"

Wengi wanaposema hivi hesabu yao ni ya mgonjwa tu. Mtungi wa lita 5 wenye bar 137 una lita 685 hivi. Kwa lita 15 kila dakika unapata dakika 45. Sawa. Lakini kwenye ndege ya wagonjwa kuna vifaa ambavyo oksijeni ni dawa na pia ni nguvu ya kuviendesha. Mashine za kupumulia za aina fulani zinasukumwa na presha ya mtungi. Zipo mashine za kunyonya makohozi zisizo na mota: oksijeni inapita kwa kasi kwenye tundu jembamba, ndiyo inayovuta uchafu, na baadhi yake hula zaidi ya lita 20 kila dakika. Hata ile mashine ya kukandamiza kifua ya LUCAS, toleo lake la kwanza liliendeshwa kwa gesi ya mtungi kabla ya kuja matoleo ya betri. Kifaa cha namna hii kikishatumia presha, oksijeni yote iliyokisukuma inatoka kwenye tundu la pembeni. Inaingia kabini.

Na hata ya barakoa inaingia kabini. Mtu mzima aliyelala kimya, mwili wake hutumia robo lita hivi ya oksijeni kwa dakika. Ukimwekea lita 15, zilizobaki zaidi ya 14 zinamwagika shingoni, kwenye mto, chini ya blanketi, halafu kwenye hewa mnayovuta nyote.

Tupige hesabu. Kabini ya ndege kama Cessna Caravan au Pilatus PC-12 ina meta za ujazo 10 hivi, kukadiria. Kama imefungwa kabisa na hewa haibadiliki, lita 320 za oksijeni zinatosha kuipandisha kutoka asilimia 21 hadi 23.5. Kwa lita 15 kila dakika ni dakika 21. Ukiwasha na mashine ya kunyonya makohozi inayokula lita 25 zaidi, ni dakika 8. Ndege ikiwa angani hewa yake hubadilishwa muda wote, kwa hiyo haifiki huko kirahisi. Hatari kubwa naiona chini: ukungu umeziba Songwe, rubani anasubiri ruhusa, injini imezimwa, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi, mgonjwa ana barakoa ya lita 15, na muuguzi ameziba tundu la hewa kwa taulo kwa sababu linampuliza mgongoni. Kila mmoja hapo amefanya jambo la huruma. Yakijumlishwa, wamekaa ndani ya chungu.

Kwa hiyo mkisubiri, mlango ukae wazi, mgonjwa aongezewe mablanketi upande wa miguu na si kuzunguka uso. Matundu ya hewa yasizibwe. Mashine ya kunyonya makohozi inayokula oksijeni ifungwe mara tu baada ya kutumika, isiachwe ikinguruma "tutaihitaji tena". Ikiwezekana tumieni ya betri au ya mguu, na oksijeni iachwe kwa ajili ya mapafu. Mashine ya kupumulia inayotaka presha ya gesi ielekezwe tundu lake la kutolea mbali na nyaya na redio. Kipo kipimo kidogo cha oksijeni ya hewani kinachopiga kelele ikifika asilimia 23.5, kama ningepewa fedha ya kununua kitu kimoja tu kwa ndege ya wagonjwa inayotumia vifaa vya gesi, ningenunua hicho.

Na kama kweli oksijeni inaisha haraka kuliko hesabu hata baada ya kujumlisha vifaa vyote, usiwaze tena matumizi. Kuna uvujaji, rudi kwenye kipimo cha dakika kumi. Tazama hozi ilipokunjwa na mguu wa machela, tazama pete za mpira kwenye soketi ya ukutani. Julai 2011 huko Cairo moto ulizuka kwenye chumba cha marubani cha Boeing 777 ikiwa bado imeegeshwa, upande wa rubani msaidizi, karibu na hozi ya barakoa yake ya oksijeni. Haikuwa ndege ya wagonjwa, ila hozi ni hozi na waya ni waya. Visipite pamoja. Waya wa chaja usifungwe kwa kamba moja na hozi ya oksijeni ili "kuonekane nadhifu".

Mgonjwa ana uso unaong'aa

Hii haitajwi kwenye simu kwa sababu hakuna anayeiona kuwa dalili. Siku moja Nduli bibi mmoja alimleta mjukuu mchanga kutoka milimani, amefunikwa vitenge vitatu, uso unang'aa kama chungwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Bibi, mtoto umempaka nini usoni?"

"Mafuta tu mwanangu. Baridi hii ingemchana midomo."

Alikuwa amempaka mafuta ya mgando mpaka ndani ya pua, mapenzi matupu. Nesi alimfuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, taratibu, na bibi akiangalia kwa wasiwasi, kisha akamwekea midomoni jeli ya maji ile inayotumika kulainishia mirija.

Nisiikuze kupita kiasi: mafuta usoni penye mtiririko mdogo hayalipuki yenyewe. Yanahitaji cheche, na yakiipata, uso ndio kuni. Hatari kubwa zaidi ni mafuta hayohayo yakihama kutoka kwenye vidole vya aliyempaka mtoto kwenda kwenye koki ya mtungi wenye bar 150. Pale hayahitaji hata cheche. Basi anayeshika mgonjwa asifunge regyuleta, au anawe kwanza. Losheni, mafuta ya nywele, mafuta ya parachichi ambayo siku hizi yanapatikana kila duka la Njombe, grisi ya bawaba za mlango wa ndege, yote ni familia moja. Na koki ngumu haipakwi kitu. Kitu chochote.

Moyo umesimama, mashine ya kushtua inatakiwa

Nitakuwa mfupi kwa sababu kanuni ni moja na haina mjadala. Barakoa au kanula ya pua (vimirija vya puani) itolewe na iwekwe angalau meta moja kutoka kifuani kabla ya kushtua. Meta moja kwenye kabini ya Caravan ni mbali. Kwa hiyo ikabidhiwe mtu mkononi au ifungwe flomita kabisa, si kuachwa begani ikipuliza. Kama mgonjwa ana mrija kooni uliounganishwa na mashine ya kupumulia bila uvujaji, unaweza kubaki. Mfuko wa Ambu, ule wa kuminya kwa mkono kumpa mgonjwa pumzi, ukitenganishwa na mrija, nao uende mbali. Pedi za kubandika ni salama kuliko zile pasi za kushika, na zibandikwe zikalale bapa: kifua chenye jasho au nywele nyingi kikaushwe au kinyolewe haraka, maana hewa chini ya pedi ndiyo inayotoa cheche.

Harufu ya waya, betri iliyovimba

Betri za lithiamu za monita na mashine za kunyonyea zichunguzwe kila wiki kwa macho na mkono. Iliyovimba, iliyopata joto bila kazi, au iliyoanguka sakafuni haipandi ndege. Simu zisichajiwe juu ya machela. Naziona kila safari, ndugu wa mgonjwa amechomeka simu chini ya mto. Na wakati wa kujaza mafuta ya ndege, mitungi haifunguliwi wala haibadilishwi. Kama mgonjwa hawezi kukosa oksijeni hata dakika hizo, lori la mafuta lisubiri mgonjwa ashushwe.

Moto umewaka. Sasa?

Sema kwa sauti: "Rubani, moto!" Yeye ana orodha yake ya hewa na umeme, na ndiye atakayetafuta pa kutua. Wakati huohuo mkono wako uende kwenye koki ya mtungi, kulia, mpaka mwisho. Kabla ya kizima moto. Watu wengi hukimbilia kizima moto kwanza na kuupuliza moto ambao bado unalishwa. Unalala kidogo na kuamka. Ukishafunga koki, moto unaanza kufa, na hapo kizima moto cha kabini kinafanya kazi. Nguo zilizoshiba oksijeni hazizimwi vizuri kwa kufunikwa blanketi, kwa sababu oksijeni imo ndani ya nyuzi zenyewe. Maji yanafaa zaidi kwa mtu anayeungua: chupa za maji ya kunywa, dripu, chochote. Mgonjwa mpe pumzi kwa mfuko wa Ambu na hewa ya kawaida. Asilimia 21 itamvusha dakika hizo. Watu wanaogopa kufunga oksijeni ya mgonjwa kwa sababu wanaona wanamuua. Hofu hiyo izungumzwe mezani, kwenye mafunzo, ili isije kuzungumzwa kwa mara ya kwanza futi 10,000 juu ya milima ya Kipengere.

Jizoezeni mkiwa mmefumba macho. Sifanyi mzaha. Moshi ukijaa kabini hutaiona koki, na mkono ndio utakaoikumbuka ilipo. Timu moja niliyokaa nayo ilifanya hivyo kwenye gari la wagonjwa lililoegeshwa, kitambaa usoni, mara tatu kila mmoja. Mara ya kwanza watu walishika flomita wakidhani ni koki. Mara ya tatu hakuna aliyekosea.

Baada ya kushuka

Mmefika, mgonjwa amepokelewa, mitungi imefungwa na regyuleta zimetolewa presha. Koti lako la baridi limekaa saa mbili karibu na barakoa inayomwaga lita 15. Oksijeni bado imo kwenye pamba yake. Usiende moja kwa moja kwa mama ntilie kuota moto wa mkaa, wala usisimame na anayewasha sigara. Vua koti, likung'ute, litundike penye upepo kwa dakika 15 angalau, na blanketi la machela vilevile.

Halafu soma geji zote tena, na andika namba pamoja na joto la hewa la saa hiyo, ili atakayezisoma kesho asubuhi kwenye baridi ya Iringa ajue kama mshale ulioshuka umeshushwa na usiku, au kuna kinachovuja.